Helmeti Niliyokuchagulia Kirinyaga Road

Kwako Mwende, mwanangu, Mami wa nyumba yangu,

Natumaini umeamka salama hapo kwa susu, bibi yako, na kwamba kichwa leo kimekupa nafasi. Hapa mtaani Satellite sisi wazima. Baba yako anakohoa na kukataa dawa, kama unavyomjua. Ningekupigia simu kama akina mama wengine, lakini neno ninalotaka kukuambia limenishinda kwenye simu kila mara. Likinifika kooni, naanza kukuuliza kama mvua imenyesha Kitui. Sasa nimeliandika, tena wazi, alisome yeyote anayetaka, kwa sababu uongo wenyewe niliuacha utembee mbele ya watu.

Unakumbuka siku ulipotuambia kwamba unashindana kwa gari? Wewe, msichana wa hesabu katika ofisi ya Lavington, mwenye viatu vya kisigino na sauti ya upole kwenye simu! Tulidhani kile kigari chako cha buluu ni cha kukupeleka kazini tu. Kumbe kuna Jumapili ambazo hukuwa kwenye ibada ya vijana. Ulikuwa kule nje ya jiji, kwenye uwanja wa ndege wa zamani, magari mawili yakisimama sambamba, taa ikiwaka kijani mnafyatuka hadi mwisho wa lami kuona nani atatangulia. Baba yako alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi sikucheka. Nilisema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Ukanijibu papo hapo, "Mum, guu langu liko kwa breki, usijali." Ulikuwa na mdomo wewe.

Nilinuna siku kadhaa, kisha nikafanya kile mama hufanya akishindwa kuzuia jambo: nikajitia katikati yake. Nikasema kama ni lazima ukimbize gari, basi hutakimbiza na helmeti ya kuazima. Ulikuwa ukivaa ya mwenzako, na niliposikia iliwahi kuanguka kutoka juu ya gari sikupata usingizi. Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza kwamba helmeti ikishapiga chini inaweza kupasuka kwa ndani na usione kitu kwa nje. Ukanieleza pia kwamba ya nduthi, pikipiki, si ya gari, maana ya gari kitambaa chake cha ndani hakishiki moto upesi. Uliyasema hayo nikikusuka pale saluni kwangu Kinoo. Nilikuwa nakusuka zile rasta nene za nywele bandia ulizopenda, nikikuitikia "mm, mm", na akili yangu yote iko kwenye nywele.

Jumamosi hiyo tukaenda mjini. Mimi Kirinyaga Road huwa naipita nimekumbatia mkoba, na vijana wa spea wanakuitia bampa hata kama huna gari. Wewe ulitembea mbele yangu kama uko kwenu. Uliwasalimu, "Niaje," wakakujibu kwa jina. Nakumbuka niliona fahari kidogo, na nikaificha, kwa sababu nilikuwa bado nimenuna.

Duka lilikuwa la kijana aliyeitwa Karis, jembamba, helmeti zimening'inia juu kama vibuyu. Ya kwanza uliyovaa ilikubana. Mashavu yalikupanda hadi ukafanana na mtoto aliyejaza ugali mdomoni, na hapo ndipo nilipocheka. Ukatikisa kichwa kushoto, ukatikisa kulia, helmeti ikaenda nacho bila kubaki nyuma. Ukasema, "Hii ndio size yangu, Mum. Inafaa ifinye hivi."

Mami, ulikuwa umeshachagua. Nataka kila mtu ajue hilo. Ulikuwa umeshaipata helmeti yako, na ulijua kwa nini ni hiyo.

Mimi nikaangalia nyuma ya kichwa chako. Nikaona rasta zangu zimekunjwa na kubanwa humo ndani, na pale mbele ngozi ya paji imevutwa hadi inang'aa. Kazi yangu ya siku nzima! Nikasema, "Hii itakung'oa nywele za mbele. Utabaki na kipara, halafu watu waulize nani alikusuka." Nikamgeukia Karis nikamuuliza kama hana kubwa kidogo.

Karis alikuwa pale kuuza. Aliangalia nani ameshika pochi, akapanda kwenye stuli. "Iko, mathe. Hii imeingia jana, original, cheki sticker." Uliivaa ile kubwa. Ikakaa juu ya rasta bila kubana chochote. Karis akaigonga juu kwa kiganja akasema, "Imemkaa poa, mathe. Ni kama alipimiwa."

Wewe ukaishika kidevuni, ukaisukuma. "Mum, inacheza."

"Haichezi, ni wewe unaisukuma. Nani atakusukuma kichwa ukiwa ndani ya gari?"

Ukanitazama. Nadhani ulinihurumia. Ulijua nilivyopigana na moyo wangu hadi kufika kwenye duka lile, na hukutaka kunirudisha nyumbani nimenuna tena. Ukasema, "Sawa, Mum. Tuchukue hiyo yako." Tukaichukua, tukala chapati na maharagwe karibu na River Road, ukanieleza mambo ya gia nisiyoyaelewa hadi leo. Nilikuwa na furaha siku ile. Hilo nalo linaniuma.

Wiki chache baadaye ikakaribia ntheo ya binamu yako, sherehe ya mahari, na nilitaka uende na mtindo mpya. Nikakwambia kichwa kipumue kwanza. Jumamosi, siku moja kabla ya mashindano, nilikukalisha saluni nikazifumua rasta zote, nikakuachia matuta membamba yaliyolala kichwani. Kichwa chako kikarudi kuwa kile kidogo nilichokizaa. Sasa sikiliza, Mami. Tangu nianze kusuka watu nimewaambia wateja wangu, "Ukifumua rasta, kofia yako ya kanisani itakuzama hadi masikioni." Huwa tunalicheka, ni mzaha wetu wa saluni. Wateja nimewaambia. Mwanangu sikumwambia. Nilizikusanya zile nywele sakafuni, nikazitia kwenye mfuko, wala helmeti haikunijia akilini.

Jumapili nilikuja kukutazama kwa mara ya kwanza. Wewe hukumbuki chochote cha siku hiyo, daktari alisema huenda usikumbuke kamwe, kwa hiyo acha nikukumbushe mimi. Mkaguzi wa mashindano aliigeuza helmeti yako, akakitazama kibandiko cha nyuma, akakurudishia. Ulipoivaa ilikuzunguka kichwani. Uliivua, ukajifunga skafu kichwani ili ijae kidogo, ukaivaa tena. Ulijua, nami niliona kwamba umejua. Ungeweza kusema, "Mum, helmeti yako ni kubwa," mbele ya rafiki zako wote, na hukusema. Ukavuta kamba ya kidevuni hadi mwisho, ukaifunga, ukaijaribu kwa kidole, kisha ukaniinulia dole gumba ukiwa ndani ya gari.

Ulifunga kamba, Mwende. Nilikuona ukiifunga.

Gari lilipofyatuka lilikwenda vizuri kidogo tu, kisha likaanza kutafuta upande, likaiacha lami, likaingia kwenye kilima cha udongo kilichokuwa kando. Sijui nilifikaje pale. Waliokuwa karibu walikimbilia boneti na mtungi wa kuzima moto, mimi nikakimbilia dirisha lako. Helmeti ilikuwa imezama na kugeuka upande, imekufunika macho hadi puani. Hukuwa ukiona kitu. Na kamba ilikuwa imefungwa, Mami, imekukaba chini ya mdomo. Niliifungua kwa vidole vyangu hivi hivi ninavyosukia watu, nikaivua, nikaitupa chini. Nasikia aliyeumia havuliwi hivyo, anasubiri wanaojua. Hilo pia niongezee kwenye makosa yangu.

Watu walipokuja upande wangu, waliikuta helmeti chini na kamba iko wazi. Mmoja akauliza, "Alikuwa amefunga strap?"

Nikasema, "Sijui."

Ni neno moja, na lilinitoka kabla sijafikiri. Lakini baadaye nilikuwa na nafasi ya kufikiri, tena nyingi. Nilifikiri kwenye benchi la hospitali, nilifikiri ulipozinduka na sikio la kushoto likiwa limekufa, nilifikiri kila ulipoulizwa na ukasema hukumbuki. Watu waliongezea chumvi kwenye lile sijui langu hadi likawa habari kamili: Mwende hakufunga kamba. Uliposikia, uliinama ukasema, "Basi ni mimi." Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chako nikikukata kucha. Niliendelea kukata kucha.

Kisha ikaja ile Jumapili ya shukrani kanisani. Ulisimama mbele ya vijana, ukashika maikrofoni. "Msiwe kama mimi. Niliambiwa na wazazi sikusikia, na hata kamba ya helmeti sikufunga. Ni uzembe wangu." Watu wakakupigia makofi. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona ile methali ya mkuu na guu, na mimi, niliyekuwa mkuu mwenyewe na ndiye niliyekataa kusikia, nikasema "Amina". Nilisema kwa sauti. Nikifumba macho bado naisikia ile amina, na ninajionea aibu hata nikiwa peke yangu.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza sana, na majibu niliyonayo yote ni mabaya. La kwanza ni aibu: mimi msusi, anayejua vichwa vya wanawake wa Kinoo wote, nimeshindwa na kichwa cha mwanangu. La pili ndilo linalonichoma zaidi. Niliona kwamba ukijilaumu hutarudi kwenye mbio. Uliuza gari bila mimi kufungua mdomo. Nilipokuwa nikiomba kila jioni uache hayo mambo, sikujua Mungu angejibu kwa njia hiyo, na jibu lilipokuja nililishika nikaficha jinsi lilivyopatikana. Nililala vizuri wewe ukijichukia. Nakuandikia hivi nikilia, lakini sikuandikii ili unihurumie. Ulishanihurumia mara moja dukani, na ona ilitufikisha wapi.

Nilidhani ungejilaumu kidogo kisha upone, kama mtu anavyopona mguu. Hukupona. Uliacha kazi ya hesabu ukisema mtu kama wewe asikabidhiwe vitabu vya hesabu vya watu. Ukaenda kwa susu upumzike, ukakaa. Juzi susu amenipigia. Ameniambia unarudi jikoni tena na tena kuangalia kama umezima moto. Ameniambia mke wa kaka yako alileta mtoto mchanga umwone, wote wakamshika, na ulipopewa wewe ukaweka mikono nyuma. Ukasema, "Mimi nasahau vitu. Nitamwangusha." Susu akaniuliza, "Mtoto wako amelogwa na nani?"

Niliketi pale saluni, mteja amebaki na nusu ya kichwa, nikajua ni mimi.

Jioni hiyo nilimwambia baba yako. Unajua yeye huwa anasema kila tukikutaja, "Kama tu angefunga kale kakamba," na mimi huwa nakoroga chai ambayo haina sukari ya kukorogwa. Safari hii nilimwambia kwamba uliifunga. Nikamweleza yote, dukani, saluni, dirishani. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alitoka hadi kwenye geti, akarudi akasema, "Mwambie mtoto. Usimfiche hata siku nyingine moja." Jumapili hii nitasimama kanisani nishike maikrofoni ile ile. Vijana waliokupigia makofi watanisikia, na yule mama wa nyuma yangu pia, na watasema watakachosema.

Kuhusu mbio, sitakudanganya tena: bado naomba usirudi. Lakini lisiwe jambo nililokuibia. Ukitaka kurudi kwenye lami, rudi kwa akili yako, na ukienda kununua helmeti uende nywele zikiwa vile zitakavyokuwa siku ya mashindano. Ikufinye mashavu hadi ukose kucheka. Mimi niache nje ya duka, nishike mkoba.

Sina haki ya kukuomba unisamehe upesi. Chukua muda wako wote. Usiponipigia nitaelewa, ingawa nitaangalia simu. Ukikasirika, kasirika vizuri, nimekuzaa mwenye mdomo na nimeukosa mdomo huo. Ila kuna jambo moja ninalokuomba usilicheleweshe kwa ajili ya hasira yako kwangu, kwa sababu si langu.

Susu anasema mtoto analetwa tena Jumamosi. Wakikunyooshea, usiweke mikono nyuma. Wewe hukusahau kitu, Mami. Mpokee.

Aliyekuzaa na kukukosea,
Mama yako