Tumelipia Hoteli Unguja, na Shangazi Yuko Mwembetanga

Mpendwa Bi Sitara, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana hata wenzangu wa dukani nimeshindwa kuwaambia. Mimi nauza madera na mitandio Kariakoo, Mtaa wa Kongo, mume wangu ana duka la spea Gerezani, tuna watoto wawili na tunaishi Magomeni nyumbani kwa wakwe zangu, watu wema sana, sina neno nao, ila ni nyumba ya watu wengi na toka nimeolewa sisi wanne hatujawahi kukaa kwenye sinia moja peke yetu.

Sasa likizo hii mume wangu amesema anataka twende Unguja, sisi na watoto tu, tulale hoteli ya ufukweni, watoto waogelee, tukaone mashamba ya viungo na wale kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu. Yeye si mtu wa kuomba kitu, Bi Sitara, alivyokuwa anasema alikuwa anaona haya kama kijana anayeposa, nikamkubalia hapo hapo na chumba tukakilipia. Kwa mtu mwingine hadithi ingeishia hapo. Kwangu ndiyo inaanza, kwa sababu Unguja ni kwetu.

Shangazi yangu, dada wa baba, yuko Mwembetanga. Ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki, ndiye aliyenisuka, ndiye aliyenifundisha kupika, hata kuolewa nimeolewa mikononi mwake. Tukienda hatuulizi tutalala wapi. Anatupa kitanda chake, yeye analala chini kwenye mkeka, ukimwambia shangazi magoti yako, anasema anapenda chini kuna ubaridi. Na ukishafika kwake ujue umefika kwa ukoo mzima, asubuhi mnapelekwa kusalimia nyumba kwa nyumba, kila nyumba chai, kila nyumba mnaulizwa mbona mnaondoka mapema, mume wangu anakalishwa barazani na wanaume mpaka adhuhuri na mimi niko jikoni nakuna nazi. Mara ya mwisho, tuko kwenye boti tunarudi Dar, mwanangu mkubwa akachungulia dirishani akaniuliza, "Mama, kumbe Zanzibar kuna pwani ya kuogelea?" Mume wangu alicheka lakini niliuona uso wake.

Tatizo ni kwamba kulala hotelini na shangazi yako yu hai, mlango wake uko wazi, kwetu sisi ni kutangaza kwamba huna ndugu. Basi nikafanya kosa. Alipopiga simu kuuliza likizo tunakwenda lini, nikamwambia safari hii tunakwenda Bagamoyo kwa ndugu wa mume wangu. Nikadhani yamekwisha. Hata wiki haikupita akanitumia mzigo kwa boti, halua na visheti, na maagizo kwamba niwapelekee hao ndugu wa Bagamoyo, nisiende kwa watu mikono mitupu nikamwaibisha. Bi Sitara, Bagamoyo hatuna hata ndugu mmoja. Ile halua iko juu ya kabati na mimi nikiiona nalia.

Na juzi ndiyo balaa limekamilika. Mwanangu mdogo alikuwa anaongea naye kwenye simu, spika imewashwa, nikamsikia anasema, "Bibi, tunaenda kuona kobe." Shangazi akamuuliza, "Wale wa Changuu? Mimi toka nizaliwe sijavuka kwenda huko. Eti kweli mtu anawalisha mchicha kwa mkono wake?" Mtoto akasema hajui. Basi, akamwombea dua akakata simu, na kwangu hajauliza kitu mpaka leo. Najua ananipima.

Nikimwambia mume wangu tufute hoteli atakubali, najua atakubali bila neno, na hilo ndilo linaloniuma. Nikienda kimya kimya lazima nitakutana na mtu wetu sokoni Darajani, nimefikiria hata kuvaa nikabu nikishuka bandarini. Nampenda mume wangu na yule mama ndiye mama niliyebaki naye. Nimvunje moyo nani?

Najma wa Kariakoo (jina nimebadilisha)

*

Najma, marahaba. Jina umebadilisha, lakini mtaa wa duka, bidhaa unazouza na kazi ya mumeo umeviacha vyote kama vilivyo, kwa hiyo nusu ya wateja wako washakujua. Na nisamehe, nimecheka, ila ni kwa sababu ya hiyo nikabu. Mwanamke aliyekufundisha kutembea atakujua kwa mwendo wako hata ukivaa gunia.

Nianze na kukugombeza ili tumalize. Umemdanganya mtu mzima, na uongo wenyewe umempa kazi. Mama wa watu na magoti yake kasimama jikoni anakaanga visheti vya ndugu wasiokuwepo, ili wewe usidharaulike ukweni. Hapo ndipo ulipokosea, si kwenye hoteli. Kutaka kukaa na mumeo na wanao siku chache bila umati wa watu si dhambi, na mwanamume anayeona haya kumwomba mkewe wasafiri pamoja si wa kumfutia chumba. Hoteli usifute.

Tuje kwa shangazi. Unasema anakupima. Hebu rudia kusoma ulichoniandikia wewe mwenyewe. Mtu anayepima angemuuliza mtoto mnafika lini, mnalala wapi, mama yako kasemaje. Angeyapata yote, maana watoto hawafichi kitu. Yeye kauliza habari za mchicha.

Nikwambie jambo langu. Mimi ni mtoto wa mjini hapa hapa Dar, na Makumbusho ya Taifa napita nje ya geti lake kila nikienda kazini. Sijawahi kuingia. Wageni wananiuliza njia, nawaelekeza, wananishukuru, wanaingia, mimi naendelea na safari yangu. Si kwamba sitaki. Hajatokea mtu wa kuniambia Bi Sitara, twende wote. Shangazi yako kapokea wageni maisha yake yote, nyinyi mkiwemo. Kawapikia, kawatandikia, wengine pengine kawafungia chakula cha kwenda nacho huko Changuu, na yeye akabaki anaosha masufuria. Imeniuma kusoma hivyo, na nataka na wewe ikuume kidogo.

Sasa fanya hivi. Leo hii mweleze mumeo yote, mpaka ya Bagamoyo. Halafu mpigie shangazi. Mumeo usimtwishe lawama, wala usianze kuzunguka na habari za hali ya hewa. Sema, shangazi nilikudanganya, nisamehe, tunakuja Unguja na tutalala hotelini, niliogopa kukwambia. Atanyamaza. Uache ule ukimya ulivyo, usiujaze maneno. Huenda akasema "haya" kwa ile sauti unayoijua, na akanuna siku mbili tatu. Ana haki hiyo. Ile halua ishushe mle, na umwambie mmeila.

Mkishuka bandarini, na mabegi yenu, mnaanzia Mwembetanga. Mchana mnakula kwake, mumeo anakaa hapo barazani na anatulia. Kuzunguka nyumba kwa nyumba safari hii hapana, na kuwaeleza ndugu mwachie yeye. Ukimwomba vizuri atawanyamazisha wote, wewe hutaweza. Jioni mnakwenda hotelini kwenu, mnakula wanne, na simu unaizima.

Siku ya Changuu mnampitia nyumbani kwake. Aende kama mgeni, si kupika, si kushika watoto. Mchicha mwache anunue mwenyewe, maana umeshaniambia ni mtu wa namna gani, hatakubali kwenda kwa kobe mikono mitupu. Mumeo atalikubali hili, kwa hiyo usije ukamnyang'anya siku nyingine yoyote.

Na ujue kwamba ukimwalika atakataa. Atasema yeye mzee, kobe wa nini, nendeni nyinyi watoto. Ndivyo tulivyolelewa, kukataa tukiulizwa mara ya kwanza, na wengi wetu hatukuulizwa mara ya pili. Wewe usibishane naye. Mwambie tu avae kandambili, kwa sababu boti haifiki mpaka mchangani, watu wanashuka kwenye maji, na umwambie kwamba wewe utatangulia kushuka ili umpokee.

Bi Sitara