Nakala kwa Watoa Huduma Wote

Alhamisi, 5 Juni. Mbeya

Mbuzi amekubali kusimama. Vijiti vinne miguuni, kimoja shingoni, waya mwembamba usioonekana mgongoni. Kichwa kimenisumbua sana. Ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchomwa, ikiinamisha kichwa ni aibu kwa bwana harusi: huonekana kama mbuzi aliyechinjwa, ilhali kusudio la ndafu ni mbuzi aonekane bado anakula. Nimemwekea majani mdomoni. Karoti, hoho na nyanya kuzunguka sinia.

Kesho maonyesho ya harusi yanaanza. Niliomba nafasi kwa maandishi, nikajibiwa kwa maandishi. Barua yangu ilikuwa fupi na timilifu. Shule niliishia darasa la saba. Kiswahili cha ofisi nilijifundisha mwenyewe, kwa kunakili matangazo yaliyobandikwa kwenye mbao za halmashauri.

Sababu ya kushiriki naiandika ili nisiisahau. Kamati ya harusi ikitafuta ndafu humuuliza mpambaji au mtu wa keki, naye hutaja jamaa yake. Mimi hakuna anitajaye. Mke wangu ndiye aliyejuana na watu. Tangu afariki, sijuani na yeyote. Nataka watoa huduma wenzangu wanifahamu. Kusudio ni hilo.

Baridi kali. Nimekula kiporo.

Ijumaa, 6 Juni

Nimepewa meza katikati ya ukumbi. Kulia kwangu yupo Atupele, binti anayekodisha magauni ya harusi. Kushoto yupo mama mmoja wa keki kutoka Igowole, aitwaye Mama Subira. Amekuja kwa basi, boksi la keki mapajani njia nzima.

Atupele hakunisalimu. Alimpulizia mbuzi wangu manukato. "Mzee, huo moshi wako! Bibi harusi wangu ataingia kanisani ananukia mishikaki." Waliokuwa karibu wakacheka. Nilimjibu kwamba nafasi yangu imeidhinishwa. Wakacheka zaidi.

Mama Subira hakucheka hapo. Alicheka baadaye, kwa jambo jingine. Alimtazama mbuzi akauliza, "Baba, huyu anatafuna au anatabasamu?" Nilimweleza namna ya kukaza taya. Alisikiliza mpaka mwisho. Alinimiminia chai kutoka chupa yake na kunikatia kipande cha keki ya majaribio. Akaniuliza nyumbani nakula na nani. Swali hilo sijaulizwa na mtu yeyote tangu msiba. Nilimjibu: peke yangu. Akasema, "Haya, leo unakula na mimi."

Tulikula. Mimi nilileta nyama, yeye alileta ndizi.

Wateja wachache. Nimerudi nyumbani nikiwa na furaha. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli.

Jumamosi, 7 Juni

Nimefika na kukuta meza yangu imehamishiwa nje, barazani, kando ya lango la ukumbi. Hakuna aliyenijulisha. Mratibu, kijana wa suti nyembamba, amesema: "Kuna mwenzenu ameomba, mzee wangu. Tumeona ni busara." Nimemtaka amtaje. Amekataa, akasema tutazungumza mambo yakitulia.

Nimedhalilishwa. Nilipewa nafasi kwa barua na nimeondolewa kwa mdomo.

Meza ya Mama Subira nayo ipo nje. Nilidhani naye amefukuzwa, maana watu waliona anakula nami. Nilimwonea huruma na sikumuuliza. Yeye alikuwa mchangamfu. "Baba, huku kuzuri. Upepo unapita, krimu yangu haiyeyuki, na kila anayeingia lazima akuone wewe kwanza." Nilielewa kwamba ananifariji. Alitaka kusema jambo jingine. Nikamwambia aniachie mimi, nitalishughulikia kwa utaratibu.

Ni Atupele. Sina shaka.

Kwa kweli watu walisimama kwetu wengi kuliko jana. Wengine walipiga picha na mbuzi. Sikuwajali inavyostahili. Akili yote ilikuwa kwenye barua.

Nimeiandika jioni katika duka la kuchapa. YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KUHAMISHWA KWA HILA. Aya nne. Sentensi ninayojivunia: "Mtu huyo, ambaye amejificha nyuma ya ofisi yako, anaongozwa na husuda, na hastahili kuhesabiwa miongoni mwa watoa huduma waaminifu." Nimeisoma kwa sauti. Haina dosari.

Chini nimeweka: Nakala kwa watoa huduma wote. Malalamiko yasiyo na nakala huishia kwenye droo.

Jumapili, 8 Juni

Ukumbi umefunguliwa baada ya ibada. Niligawa nakala meza kwa meza. Ya Mama Subira nilimkabidhi kwa mikono miwili, nikimwambia nimemtetea na yeye.

Aliisoma polepole, midomo ikitembea. Akaikunja.

"Baba, ni mimi niliyeomba."

Sikuelewa. Akarudia, na safari hii watu walisikia. Watu wa magauni na wapambaji walikwenda kwa mratibu Ijumaa kudai niondolewe kabisa kwenye maonyesho. Yeye akawaambia, "Hapana, mzee atakaa nje na mimi nitakaa naye, asionekane amefukuzwa." Akatoa nafasi yake ya ndani. "Jana nilitaka kukwambia, ukaniambia nikuachie. Kumbe ulikuwa unaniandikia hivi."

Mshereheshaji wa maonyesho alikuwa na nakala yake mkononi na kipaza sauti kimewashwa. Aliisoma ile sentensi kwa sauti ya harusi. Ukumbi mzima ukacheka. Mama Subira hakucheka wala hakulia. Alifunga keki zake kwenye maboksi na kuondoka kabla ya saa ya kufunga.

Nilisimama na mbuzi wangu mpaka mwisho. Hakuna aliyekuja, isipokuwa kutazama. Jina langu sasa ni Mzee Nakala.

Jumatano, 11 Juni

Nimejaribu kuandika. YAH: KUOMBA RADHI. Nimeanza, "Husika na somo tajwa hapo juu." Nimeichana. Nimeanza tena. Kila sentensi inasimama wima na hakuna iliyo hai.

Barua ya mratibu imefika. Malalamiko yangu yamezingatiwa. Katika maonyesho yajayo, ya Iringa, nitapewa meza katikati ya ukumbi. Nimeshinda.

Siku nzima sikuongea na mtu.

Ijumaa, 20 Juni. Iringa

Ukumbi upo Mlandege. Nimemchoma mbuzi alfajiri uani kwa mwenye nyumba ya wageni. Nyanya za Ilula zimekuwa kubwa mno kwa sinia, nimezikata nusu.

Meza yangu ipo katikati kabisa, kama nilivyoomba. Magauni ya Atupele yamefunikwa nailoni mpaka chini, naye amegeuza kiti chake upande wa pili. Vijana wa kupamba wakipita: "Shikamoo Mzee Nakala! Na mimi nimo?" Naitikia marahaba. Ningefanya nini?

Mama Subira yupo barazani. Amechagua mwenyewe, nimeambiwa. Wengine wamemfuata huko: watu wa maua, watu wa kadi, hata mshereheshaji yule. Wanakula pamoja mchana. Nasikia vicheko vyao kutoka hapa nilipo. Kila mgeni anasimama kwao kwanza, akinifikia mimi ameshashiba keki.

Nimekula nyama yangu nikiwa nimesimama.

Jumamosi, 21 Juni

Nilikwenda. Nilitoka nje mikono mitupu, bila karatasi.

Alikuwa akimhudumia bibi harusi mtarajiwa na mama yake. Nilisubiri pembeni. Mshereheshaji akasema, "Jamani, nyoosheni mikono, nakala zinagawiwa." Mama Subira akamwambia, "Nyamaza wewe." Sikujua kama ni kwa ajili yangu au kwa ajili ya wateja.

Walipoondoka alinisalimu. "Kamwene." Nami nikaitikia kamwene. Kisha maneno yakaniishia. Mimi, ninayewaandikia majirani maombi ya viwanja na rufaa za mirathi. Nilisema, "Nimekukosea, mama."

Akafuta kisu. "Barua mimi sijui kuijibu. Ungeniuliza tu, baba. Nilikuwa meza ya pili."

Nikasema ni kweli.

"Nyumbani Igowole wameshaisoma hiyo karatasi. Mtu aliipiga picha akaituma. Mume wangu aliniuliza nina husuda gani na mzee wa Mbeya. Watoto wangu wameisoma."

Nilisema nitaandika kukanusha. Ulimi ulinitangulia. Akacheka kidogo, si kicheko cha Mbeya.

"Usiandike, baba. Nakuomba."

Wakaja wateja wengine. Nilirudi ndani.

Jumapili, 22 Juni

Mbuzi ameanguka. Kijiti cha mguu wa nyuma kilikatika. Nilimnyanyua peke yangu. Baadaye Atupele alinishikia sinia, akaenda kunawa mikono.

Mama Subira aliondoka mapema kuwahi basi. Alipita mlangoni akainua mkono, kwa wote. Nami nilikuwemo katika wote.

Jumatano, 2 Julai. Mbeya

Simu asubuhi kutoka Igowole. Katibu wa kamati ya harusi. Wanahitaji ndafu mwezi wa nane. Nilimuuliza aliyewapa namba yangu.

"Mama Subira wa keki. Amesema ndafu ni ya kwako, tusihangaike kwingine."

Nimeikubali kazi. Ni mara ya kwanza nimetajwa na mtu.

Nikampigia kumshukuru. Simu iliita mpaka ikakatika. Nimepiga tena baada ya chakula cha mchana. Iliita mpaka ikakatika. Ujumbe sikutuma.

Nimefagia pa kuchomea. Sinia nimeiosha na kuianika. Jua la Julai ni dogo. Nimekaa nje mpaka kivuli cha ukuta kiliponifikia miguuni, kisha nikaingia ndani.