Siku Ulipoingia Chini ya Meza

Papa yangu mpendwa,

Huku mtaani Kasha bado wananiita binti wa yule askari aliyeingia chini ya meza, na mimi naitika. Tena naitika kwa sauti.

Unaikumbuka siku ya mahari yangu. Sisi wanao tulishazoea: hakuna kukujia kwa nyuma, hakuna kubamiza mlango. Maman alitufundisha kutaja majina yetu tangu barabarani, kwa sababu tangu urudi kutoka vitani mikono yako ilitangulia akili. Lakini wakwe wangejuaje? Desturi ni desturi: tuliwafungia lango la bati, nao wakaligonga kwa nguvu, wakiimba wafunguliwe. Walipofunguliwa walikukuta chini ya meza, umejifunika kichwa. Shangazi yao mmoja akasema kwao hawaoi kwenye wazimu, nami nikaona ndoa yangu inaondoka.

Maman alikuwa ameshaanza kusingizia malaria. Wewe ukatoka, ukapangusa magoti, ukasimama mbele ya watu wote.

“Haiko malaria, haiko pombe,” ulisema. “Ni vita ndiyo iliniachia hii. Munaoa kwangu, basi mujue.”

Baba wa mchumba wangu alikutazama, kisha akawatoa watu wake wote nje na kulifunga lango mwenyewe. Wakaingia upya, taratibu, kila mtu akikutajia jina lake kwanza. Hata yule shangazi. Wee, kichwa kilinivimba siku ile!

Tulipokuzika, wenzako wa jeshi walisifu ushujaa wako wa huko mstari wa mbele. Nawashukuru. Ila mimi nilisimama pale matangani nikasimulia habari ya meza. Maman alinivuta kitenge nikae, nikaendelea. Nilitaka wajue ni siku gani nilijua nimezaliwa na mwanaume shujaa.

Nilipomaliza, yule rafiki yako mkimya uliyekuwa naye kambini akainua mkono. “Na miye, vita iliniachia hii,” akasema.

Mke wake alikuwa ameketi na wanawake. Akaanza kulia, Papa, tukadhani anakulilia wewe. Kumbe miaka yote mumewe alipolala peke yake sebuleni kwa kuogopa asije akampiga usingizini, yeye aliamini kwamba hapendwi.

Walirudi nyumbani wameshikana mikono. Nimeona niwe wa kwanza kukuambia.

Pumzika, Papa.

Kifungua mimba wako