Chupa ya Mchaichai

Nyamirambo, Kigali
Jumatano, baada ya chakula cha mchana

Kwako dada yangu Spès,

Pokea salamu zangu zikiwa bado na joto la nyumba mpya. Vipi Kahama? Shemeji Nsabimana amepona kifua? Na mapacha, wameshaota meno au bado wanawanyima usingizi? Nawaombea uzima nyote, na zaidi mama mkwe wako, ambaye nitarudi kwake huko chini. Sisi huku tunapumua, mvua inanyesha inapotaka, na Mungu hajatusahau. Barua hii naikabidhi kwa Usumani, mtoto wa mwenye nyumba wetu, ambaye lori lake hupita kwenu likielekea Dar es Salaam. Kwa simu ningeshindwa. Nyumba yetu ni chumba na sebule, na kila neno la sebuleni husikika kitandani.

Kwanza nikwambie nina mume wa namna gani, maana harusini hukuweza kufika. Dada, ule mshanana wa harusi niliovaa aliushona Aimable mwenyewe, na hakunipima hata siku moja. Alisema alikuwa amekwisha kunipima kwa macho tangu siku ile nilipompelekea sketi aipunguze kiuno. Ulinikaa kama ngozi yangu. Wanawake kanisani walinyosha shingo, na mimi nilitembea nikiona aibu kwa jinsi nilivyokuwa na furaha. Mpaka leo nikimwona ameshika kikombe, zile ncha za vidole zilizochomwachomwa na sindano, moyo wangu unaruka. Usinicheke. Wewe mwenyewe uliniambia ndoa ni tamu mwanzoni, basi niache nionje.

Baada ya harusi hakufungua kibanda chake cha cherehani. Aliniambia anataka kukaa nami kidogo, na mimi ningekataaje? Alilala chali, ameshika mkono wangu, akitazama dari tangu asubuhi mpaka jua linahamia dirisha la pili. Nilidhani hivyo ndivyo mapenzi yanavyomlaza mwanamume. Mafundi wenzake walituma salamu kwamba nimrudishe kabla hajazama kwenye asali. Mama Usumani, mwenye nyumba, alisema ameozesha mabinti wote alionao na hajaona mkwe aliyevuka Ijumaa ya kwanza bila kukumbuka kazi. Akaniuliza mbele za watu bombani kwamba nampikia nini, awafundishe mabinti zake. Nilicheka pamoja nao, nikabeba ndoo yangu.

Lakini chakula alikuwa hali. Sare za shule za watoto wa watu zilikaa zimekatwa bila kushonwa. Adhana ya alfajiri ilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kama mtu anayesubiri basi lisilokuja. Siku moja kifungo cha shati kilimponyoka mkononi, akalia. Kifungo tu, dada. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba ni uchovu wa harusi, utapita.

Hapo ndipo nilipokumbuka Ingrid, tuliyesoma naye sekondari, anayeuza mafuta ya kunukia ya mimea pale Gisimenti. Unajua desturi yetu: bibi harusi hatoki ndani, labda bombani na duka la jirani, mpaka ndugu zake waje na vyakula siku ya gutwikurura kumfunua. Mimi nilipanda pikipiki, nikavaa kofia ya abiria nikashusha kioo, ikanifaa kuliko shela. Ingrid alinieleza vizuri. Lavenda ni ya kutuliza usingizi, chungwa la kuchangamsha asubuhi, mchaichai wa kichwa kilichojaa mawazo. Yanadondoshwa kwenye bakuli la maji ya moto au kwenye kitambaa, hayanywewi. Akasema pia kwamba yanamsaidia mtu kutulia ila hayachukui nafasi ya daktari. Mimi nilishika ile nusu ya kwanza, nikarudi nyumbani nikiimba ndani ya kofia.

Tangu siku hiyo nyumba ilinukia mpaka uani, na uani wakaelewa wanavyoelewa. Huku Nyamirambo, nyumba ya maharusi ikinukia jioni, hakuna anayeuliza sababu. Mama Usumani aliniletea chetezo chake na udi, akaniambia niachane na hivyo vimaji vya dukani, mwanamume hafungwi kwa matone. Pazia letu lililofungwa, kibanda kilichofungwa, harufu nzuri: kila nilichokificha kiligeuka pongezi. Kucheka kulinichosha kuliko kufua.

Aimable naye, kila nilipomletea bakuli, alifumba macho, akavuta pumzi ndefu, akasema nzuri sana, mpenzi. Basi mimi nilifurahi. Nilikaa kando yake nikimweleza kila tone linatoka kwenye mmea gani na linanikumbusha nini. Ndipo nikakutumia ule ujumbe wa kusifu, kwamba mafuta haya yameleta amani nyumbani kwetu, na wewe ukaniagizia chupa ya mama mkwe wako, ambaye tangu amzike mzee wake anaukabili ukuta.

Sasa nikwambie ya Jumatatu. Niliteleka maharagwe kwenye jiko la mkaa pale mlangoni, nikamwomba Aimable ayaangalie, nikaenda kuchukua chumvi dukani. Maneno ya dukani unayajua, yakanishika. Niliporudi, harufu ya kuungua ilinipokea kwenye kona kabla sijaiona nyumba. Uani kulikuwa kumejaa. Mama Usumani alikuwa ameipua sufuria kwa upindo wa kanga yake, anasema kwamba nyumba hii inakula mapenzi, maharagwe ni ya kuchomea tu, na wengine wakimjazia. Aimable alikuwa kwenye kigoda, karibu na jiko kiasi cha kunyosha mguu akaligusa, na mkononi nilikuwa nimemfunga kitambaa cha mchaichai. Aliinua macho akaniuliza kwa upole watu wote wale wamekuja kwa nini.

Nilimwingiza ndani nikafunga mlango. Nao nje wakapiga vigelegele.

Dada, mume wangu hasikii harufu. Hajaisikia tangu homa aliyougua mwaka ule mji ulipofungwa kwa ajili ya korona. Katika mabakuli yangu yote hakunusa hata moja. Aliniambia alikuwa akivuta pumzi kwa sababu aliuona uso wangu ninapomletea, na hakutaka uso ule uzimike. Halafu akaniambia lililobaki. Giza hili si mara ya kwanza kumjia. Lilimjia kabla hatujajuana, likakaa naye masika nzima, akapoteza kazi na chumba. Alinificha akiogopa ningeuondoa mkono wangu, akatumaini kwamba ndoa ndiyo itakayokuwa dawa. Alisema kuna asubuhi anatamani asingeamka. Alilisema hilo polepole, akitazama vidole vyake, na mimi nilivishika vyote.

Hasira nilikuwa nayo, sitakudanganya. Ilikaa kidogo ikachoka, kama mimi. Baadaye aliniomba nimweleze mchaichai unanukiaje hasa, maana alichokuwa akikingoja kila jioni ni yale maelezo yangu, si bakuli. Nikamwambia unanukia kama asubuhi ya kwetu Buyenzi, Mama amechemsha chai, mimi na wewe tunagombea kikombe kikubwa, na wewe unashinda kwa kutema mate ndani. Akatabasamu, Spès. Dogo, la upande mmoja, lakini nililiona.

Kesho tunakwenda kituo cha afya. Yupo muuguzi wa afya ya akili, na mituweli yetu, ile bima ya afya, tumeshailipia. Amekubali kwa sharti kwamba nitamshika mkono pale kwenye benchi, watu waone wasione. Mama Usumani nimemweleza ukweli. Akasema marehemu mumewe naye aliwahi kufunga duka namna hiyo, na wao walimwita mganga wa majini badala ya daktari. Tangu jana amesimama langoni, na mwenye utani anaishia kwake.

Kwa hiyo njooni siku ya gutwikurura kama tulivyopanga, msiahirishe. Ila mwambie shangazi Gahongayire aufunge mdomo wake. Asimtanie Aimable, wala asinitazame tumbo. Mama mweleze wewe, kwa taratibu yako, kabla hamjapanda gari. Akilisikia kwako hatalia sana.

Chupa uliyoagiza Usumani anayo, ameifunga ndani ya soksi. Mpe mama mkwe, atakuwa na kitu kizuri karibu na pua. Lakini sifa nilizokuandikia zipunguze, na hospitali mpeleke. Kusema kweli, katika nyumba hii aliyelazwa na lavenda ni mimi. Nimechoka, dada yangu, mifupa yote, na bado nikisikia anageuka kitandani nafurahi kwamba yupo.

Wasalimie wote, wabusu mapacha mashavuni. Na ukiifungua ile chupa, kaa kidogo, kisha niandikie inanukiaje kwako. Nitamsomea.

Mdogo wako akupendaye,
Christella