Ukurasa wa Pili wa Dosie

Goma, Keshero, tarehe 4 mwezi wa tatu 2024

Mutoto wangu Kanyere,

Nakusalimia mu jina la Bwana. Baridi ya Butembo haikusumbui kifua? Na wagonjwa wako pale hospitali, wanaendelea aje? Sisi tuko. Mama yako ana mafua kidogo tu.

Permi yangu ya kuendesha gari wameichukua kabisa. Barua inasema niliendesha gari nikiwa mulevi. Miaka makumi mbili na sita ya taksi, na sasa nakaa mu parseli ya nyumba, nasinzia muchana, naota naendesha juu ya ziwa. Hakuna njia, hakuna mutu, gari inateleza sawa wingu.

Avoka Murhula, anayenitetea, amepeleka neno mu tribinali ili wanirudishie permi. Anasema tutashinda, maana siku ile pale Munigi polisi hawakuwa na mashini ya kupima pumzi. Waliandika tu maneno ya mushahidi, na dosie, makaratasi yote ya kesi, hatujaiona bado. Wewe ulikaa kando yangu tukitoka ndoa ya Daniella. Niandikie karatasi moja, useme nilikunywa Fanta.

Ni mimi, Papa yako


Butembo, tarehe 21 mwezi wa tatu 2024

Papa wangu,

Jambo sana. Huku ukungu unakaa juu ya miti mupaka saa ine ya asubuhi, lakini kifua changu ni kizima. Mama anywe tangawizi ya moto.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Papa, siwezi kuandika Fanta. Ulikuwa unaimba, dirisha wazi, ukaniambia barabara imekuwa laini sawa maziwa. Hata mimi nilijisikia niko ndani ya ndoto, mupaka nilipoona kitenge cha manjano mbele ya kioo. Mama Mukamugema, yule tuliyemugonga, hakupiga hata kelele. Alikaa chini akishika mukono wake, viazi vyake vikibingirika polepole chini ya gari.

Umeenda kumuona ku Kanyaruchinya?

Kuna neno lingine, lakini kalamu inakataa.

Binti yako, Kanyere


Goma, tarehe 19 mwezi wa tano 2024

Kanyere, mutoto wangu,

Amani kwako. Mama yako amepona, anakusalimia. Karibu miezi mbili sijajibu barua yako.

Murhula aliniletea dosie. Ukurasa wa pili, mahali pa mushahidi, nikakuta jina lako. Nilitoka nikatembea bila kujua naenda wapi. Watu walinisalimia, nikaona midomo tu, sikusikia sauti. Nilikukasirikia, sitaficha. Siku tatu sikutamka jina lako mu nyumba.

Siku ya ine, miguu ilinifikisha Kanyaruchinya. Mukamugema alinipa kiti. Mukono wake haunyooki tena. Akaniuliza, "Yule binti aliyenifunga mukono na kitambaa chake yuko wapi? Alilia kuliko mimi." Sikukumbuka kitambaa. Sikukumbuka hata kilio chako.

Alhamisi iliyopita tulikuwa mu tribinali. Murhula alisema vizuri: hakuna mashini, hakuna kipimo. Kisha jije anayekata kesi, mama mumoja mupole, akanigeukia. "Muzee Janvier, kwa hiyo binti yako alidanganya polisi?"

Murhula alinikanyaga muguu.

"Hapana, Mama Jije. Mutoto wangu hadanganyi. Nilikunywa."

Wamekataa. Permi haitarudi mupaka miaka mbili ipite. Murhula alikusanya karatasi zake bila kuniaga. Nilishuka ngazi na haya, lakini mwili ulikuwa mwepesi, sikujua kwa nini.

Papa yako


Butembo, tarehe 2 mwezi wa sita 2024

Papa,

Shikamoo, na Mama pia. Barua yako niliisomea mu korido ya hospitali, wagonjwa wakafikiri nimefiwa.

Nilisema kwa polisi kwa sababu niliona umeanza kufunga macho bado ukiwa unaimba. Niliogopa siku moja hutayafungua. Kisha nikapanda ndege nikakukimbia.

Njia ya Rutshuru bado imefungwa na vita, nitakuja tena na ndege, jumamosi ya tarehe 15. Usitume mutu na gari. Uje wewe mwenyewe. Tutatembea kwa miguu mupaka nyumbani, hata ikichukua muchana wote, na utaninyamazia au utanigombeza, vile utakavyopenda.

Mutoto wako, Kanyere