Vema Kumi na Moja Kwenye Daftari Lako

Mpendwa Bibi,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Lile daftari la mazoezi yako, lenye alama ya vema kila siku kwa wiki nne, lina uongo. Vema kumi na moja niliziweka wewe ukiwa umelala.

Daktari alisema uvimbe wa tumboni lazima utolewe, lakini wewe umedhoofu mno, turudi baada ya wiki nne. Nilidhani wametufukuza. Yule dada wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenielewesha: ukiingia kwenye upasuaji miguu na kifua vikiwa na nguvu, utaamka mapema na kukohoa vizuri, ukiingia ulivyo, huenda usiinuke. Akakuonyesha kuinuka na kukaa kwenye kiti mara kumi bila kushika kitu, kutembea hadi bombani na kurudi, kuvuta pumzi na kuipuliza polepole. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa na kalamu. "Wewe ndiye msimamizi. Akifanya, weka vema. Asipofanya, acha wazi, usione aibu."

Siku za mwanzo tulicheka sana. "Moto wa kuni nimeupuliza tangu usichana, leo nafundishwa kupuliza na mke mwenzangu." Uliniita hivyo tangu nikiwa mdogo. Ukifika mara ya nane unaanza kulalamika: "Unanichosha makusudi, ubaki na mume peke yako." Na Babu anajibu kutoka mlangoni, "Huyo hata ugali hajui kusonga. Wewe pona tu." Wiki ya pili ulifika bombani bila kushika bega langu.

Halafu wageni wakaanza kuja kukujulia hali. Shangazi alitoka Mkata na mfuko wa mihogo, akatukuta uwanjani, wewe unahema, mimi nahesabu.

"Mama anaumwa, nyie mnamchezesha kwata?"

"Shikamoo shangazi. Ni mazoezi, tumeambiwa hospitali."

"Marahaba. Na wanaopita hapo barabarani wameambiwa na nani? Watasema tunamtumikisha mpaka siku ya kisu."

Maneno ya yule dada nilikuwa nayo yote kichwani. Unajua ilivyo kwetu, mgonjwa anayetembelewa hukutwa amelala, amejifunika khanga. Akikutwa anatembea, aliyekuja na kuku anaona amedanganywa. Nikatandika jamvi. Ukaniangalia, ukasema taratibu, "Basi leo tupumzike, mke mwenza?"

Lilikuwa swali, Bibi. Nami nilijibu ndiyo.

Tangu siku ile, kila aliyepiga hodi alikukuta umelala, na wapiga hodi walikuwa wengi. Wakiondoka ningeweza kukuinua. Nilifungua kitabu changu cha shule, nikafurahi kwamba hakuna anayenisikia nikihesabu kwa sauti. Vema niliweka kwa sababu sikuweza kuvumilia kuona nafasi wazi kwenye ukurasa wangu. Siku ya kurudi hospitali, yule dada alilifungua daftari akasema, "Hongera, msimamizi." Ulikuwa umekaa pembeni yangu. Ulijua. Ulinibana mkono tu.

Walikufanyia upasuaji, na kidonda chako hakikuwa na shida. Miguu ndiyo ilikataa. Waliposema ukae, ulishindwa. Waliposema ukohoe, ulishindwa, na kifua kikajaa. Siku ya nne ulikunja midomo kama unayetaka kuwasha kuni. Nikahesabu moja. Mbili sikuifikia. Siku ya sita tulikurudisha nyumbani Kwamndolwa, ukazikwa alasiri.

Sijui kama siku kumi na moja zingekuokoa. Hakuna wa kuniambia, maana hakuna anayejua kwamba zilikosekana. Nikisikia watu wanasema nilikutunza vizuri, natoka nje.

Sasa Babu naye anatakiwa kufanyiwa upasuaji wa ngiri, na ameambiwa apate nguvu kwanza. Shangazi ameshaleta jamvi jipya.

Jana nilipotoka shule nilimsomea Babu barua hii hadi hapo.

"Kumi na moja?"

"Kumi na moja, Babu."

"Lete kiti."

Nilikipeleka uwanjani, upande wa barabarani. Nilihesabu kwa sauti. Wanawake wawili waliokuwa wanapita walisimama kutazama. Shangazi akatoka jikoni na mwiko mkononi, akaanza kusema, nikamwambia, "Samahani shangazi, tuko mara ya tano." Akabaki amesimama pale pale. Babu alifika mara nane, ya tisa ikamshinda. Kwenye ukurasa unaofuata wa kwako niliandika nane, sikuweka vema.

Leo nimezizungushia zile kumi na moja kwa kalamu nyekundu, nimempelekea yule dada daftari, na nimemweleza kila kitu. Kisha nimerudi nyumbani, tumefika bombani na Babu, tumerudi.

Lala salama, Bibi.

Mke mwenzako