Sanduku Moja, Mteja Mmoja

Emali, Jumanne, Oktoba 1993

Eti sisi sote ni mteja mmoja! Niliipelekea kampuni ya mbegu majina ya akina mama thelathini na wanane wa kanisa letu, kila mmoja atumiwe pakiti ya mbegu za mahindi za kujaribu. Sote tunatumia sanduku la posta la kanisa. Leo imefika pakiti moja tu.

Nikapiga simu Nairobi. Karani akasema, "Mama, kompyuta inahesabu anwani. Sanduku moja, mteja mmoja."

"Na hao wengine ni vivuli?"

Akacheka.

Kwenye maombi ya jioni Mama Mwende, rafiki yangu kabisa, akaniuliza mbele ya wote, "Mama Kioko, hizo zingine umeficha za shamba lako?"

Mungu anajua sikuficha. Lakini mvua imekaribia, na mwaka huu naogopa mahindi yangu yakiota vizuri.